Mashine za karakana ya nyumbani zinapogoma: tafuta kosa kutoka nje kwenda ndani

Mashine ya mkono ikigoma, wengi hukimbilia bisibisi. Hasara huanzia hapo. Ganda likishafunguliwa bila mpango, chemchemi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota) huruka, nyaya hutoka kwenye mifereji yake, na tatizo lililokuwa plagi iliyolegea hugeuka kuwa vipuri ndani ya ndoo.

Drili, grinda, misumeno ya umeme na mashine za msasa, pamoja na tofauti zake zote, zina mahali panne pa kuumia: kinachogusa kazi (biti, diski, meno), njia ya umeme (plagi, waya, swichi, betri), mota, na mwisho gia na beringi. Kagua kwa mpangilio huo. Vya mwanzo ndivyo vinavyochakaa upesi na ndivyo rahisi kubadilisha. Mota iliyoungua kwa kawaida ni matokeo: nyuma yake utakuta diski butu iliyosukumwa kwa mabavu, ekstensheni nyembamba, au matundu ya hewa yaliyozibwa na vumbi.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi au toa betri. Kuzima swichi hakutoshi. Weka karibu mita ya mkono ya kupimia umeme (volti na ohmu), bisibisi za nyota aina ya Torx (T15 na T20 hufungua mashine nyingi), brashi laini ya kupakia rangi, msasa namba 400 na grisi. Piga picha kila hatua unapofungua. Njia ya waya ndani ya ganda ni kitu kinachosahaulika ndani ya dakika kumi.

Haiwaki kabisa

Jaribu soketi kwa taa au mashine nyingine. Inaonekana ni hatua ya kitoto, lakini soketi na ekstensheni hufa mara nyingi kuliko mota.

Kisha waya. Waya wa mashine hukatikia mahali pawili: pale unapoingia kwenye mpini na pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa maelfu ya mara. Kwa nje mpira unabaki mzima huku nyuzi za shaba zimeachana. Weka mita kwenye ohmu, gusa pini mbili za plagi, bana swichi ya mashine, halafu kunjakunja waya taratibu. Mashine ya kawaida ya 230 V itaonyesha ohmu chache. Namba ikirukaruka au kupotea unapokunja, umepata kosa. Tahadhari moja: mashine yenye swichi ya kurekebisha kasi inaweza kuonyesha kama saketi imekatika hata ikiwa nzima, kwa sababu umeme mdogo wa mita hauwezi kufungua kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani. Kwa mashine hizo, pima waya peke yake, toka pini ya plagi hadi mguu wa swichi.

Ukikuta waya umekatika mpinini, kata sentimita 10 hadi 15 uondoe sehemu yote iliyochoka, rudisha mpira wa kinga, na ukaze kile kibano kinachoshika ganda la waya kwa ndani. Bila kibano, kila ukivuta mashine unavuta maungio ya swichi. Kuunga katikati kwa utepe si matengenezo, hasa kwenye mashine inayokokotwa juu ya vyuma.

Waya ukiwa mzima, angalia kaboni. Zipo kaboni zenye kijiti na chemchemi ndogo ndani: zikifika ukomo, kijiti huchomoza na kuisukuma kaboni mbali na shaba ya mota, na mashine hufa ghafla ikiwa haijaonyesha dalili yoyote. Mwenyewe hudhani imeungua, kumbe imejizima kwa makusudi.

Swichi ni ya mwisho hapa. Vumbi laini, hasa la zege na la ubao wa jasi, hujaa kati ya viunganishi vyake. Ikiwa umeme unafika mguu wa kuingilia na hautoki unapobana, badilisha swichi nzima. Swichi ambayo inawasha mashine kwa kasi kamili tu, hata ukiibana kidogo, ina kifaa cha kasi kilichopiga shoti. Drili inayozunguka upande mmoja na kukataa mwingine ina viunganishi vya kugeuzia vilivyoungua, na kisa chake karibu kila mara ni kugeuza kitufe biti ikiwa bado inazunguka.

Inawaka, mara inakata umeme wa nyumba

Tofautisha ni kifaa kipi kilichoruka. Kama ni kikata umeme cha kawaida, mashine inavuta ampea nyingi mno: mota imekwama, amecha (sehemu ya mota inayozunguka) imepiga shoti, au mstari mmoja umebeba mashine mbili kwa pamoja. Kama ni kile cha kulinda dhidi ya uvujaji, ambacho majumbani kwa kawaida huruka kwenye miliampea 30, basi umeme unapata njia ya kufika ardhini: mashine ina waya wa ardhi, imelowa, au umeme unapita kwenye mwili wako.

Vyanzo vya uvujaji vinavyopatikana mara kwa mara ni vumbi la kaboni lililoganda kuzunguka vishikio vya kaboni, vumbi la chuma lililonyonywa na feni ya grinda, na unyevu. Safisha, kausha kwa siku nzima mahali penye joto, kisha pima kihami (kinga isiyopitisha umeme) kwa kipimo cha 500 V. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba haina waya wa ardhi. Usalama wake wote uko kwenye vihami viwili, na fundi hukubali tu kihami kisichopungua megohmu 2. Isipofika hapo baada ya kusafishwa, iache. Kukwepa kifaa cha uvujaji kwa kuchomeka kwenye soketi isiyo na kinga ni kumwondoa mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Inatoa cheche

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linategemea cheche zenyewe zikoje.

Mota ya mashine nyingi za waya ina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua komyuteta, ile silinda ndogo ya vipande vya shaba iliyo mwishoni mwa amecha. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni hali ya kawaida. Chungulia matundu ya hewa gizani utaziona hata kwenye mashine mpya. Zinazotakiwa kukushtua ni cheche za njano au za rangi ya chungwa zinazozunguka silinda yote kama pete ya moto, pamoja na mashine kupungua nguvu au kukatakata.

Anza na urefu wa kaboni. Ikibaki milimita 5 au 6, badilisha, na ubadilishe zote mbili hata kama moja bado ndefu. Nunua kwa kupima upana na unene: kaboni ya 6.5 × 13.5 mm haiingii kwenye kishikio cha 5 × 11. Kubwa kidogo inaweza kusuguliwa juu ya msasa uliotandikwa mezani mpaka iteleze bila kubana. Ndogo usiitumie kamwe. Itacheza ndani ya kishikio, itainama na kuvunjika pembe.

Kaboni ndefu inayotoa cheche nyingi huenda imekwama. Ivute nje kwa kucha: inatakiwa kutoka na kurudi yenyewe kwa nguvu ya chemchemi. Ikigoma, safisha kishikio kwa brashi kavu, bila mafuta. Chemchemi iliyobadilika rangi kuwa ya bluu imepata joto na imepoteza mkazo wake.

Kaboni mpya ina uso bapa, na komyuteta ni duara. Mwanzoni zinagusana kwenye mstari mwembamba tu, kwa hiyo cheche zitakuwepo. Endesha mashine bila mzigo dakika 5 hadi 10 mpaka uso ujichonge. Anayepeleka grinda moja kwa moja kwenye chuma baada ya kubadilisha kaboni anaunguza shaba siku hiyo hiyo.

Sasa angalia shaba yenyewe. Rangi ya kahawia yenye kung'aa kidogo ni dalili ya afya. Usiisugue kwa kudhani ni uchafu. Ikiwa nyeusi na ina makovu, kata utepe wa msasa namba 400, uzungushie, na geuza amecha kwa mkono mpaka shaba iwe sawa. Halafu pitisha kijiti cha mbao kwenye kila mfereji kati ya vipande kutoa vumbi. Kihami kilichomo kwenye mifereji hiyo kinatakiwa kuwa chini kidogo ya uso wa shaba. Kikiwa juu yake, kaboni inarukaruka na cheche hazitaisha hata ubadilishe kaboni kumi.

Kama vipande viwili vinavyofuatana vimeungua kuliko vingine, koili imekatika au imepiga shoti. Thibitisha kwa mita: pima kipande na jirani yake, zunguka silinda yote, namba ziwe karibu sawa. Kisha pima kila kipande na shafti. Pasiwe na mawasiliano kabisa. Amecha ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo mawili, kaboni mpya ni pesa ya kutupa. Kuhusu kuisuka upya: mota hizi huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na amecha iliyosukwa bila kusawazishwa uzito itamaliza beringi kabla ya mwezi. Kwa mashine ndogo, amecha mpya ya kiwandani ni uamuzi bora. Kusuka kunafaa mashine kubwa ambazo vipuri vyake havipatikani.

Inazunguka lakini haina nguvu

Usifungue kitu. Weka biti mpya au diski mpya kwanza. Nusu ya mashine "dhaifu" hupona hapo.

Ikibaki vile vile, chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ikipata nguvu, mshtakiwa ni ekstensheni, na hesabu yake inafaa kuonekana kwa macho. Grinda ya wati 2,000 kwenye 230 V huvuta karibu ampea 9. Iunge na ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya za 0.75 mm². Umeme unasafiri mita 100 za shaba, kwenda na kurudi, zenye ukinzani wa karibu ohmu 2.3. Ampea 9 zikipita humo, volti 21 zinabaki njiani, na waya wenyewe unapasha joto la takriban wati 190. Mota inapata volti 209, unaisukuma zaidi kufidia, inazunguka polepole, feni nayo inapungua, na koili zinaungua. Badilisha iwe ekstensheni ya 2.5 mm² kwa urefu ule ule: unapoteza volti 6 hivi. Kwa mita 25, nyaya za 1.5 mm² zinatosha.

Kama ekstensheni ni ya gurudumu, ifungue yote hata kama unahitaji mita tatu. Gurudumu lililojaa waya haliwezi kutoa joto, ndiyo maana mengi huandikwa wati mbili tofauti: ndogo likiwa limekunjwa, kubwa likiwa limefunguliwa.

Sababu nyingine ya kukosa nguvu ni kuchagua mashine isiyo yake. Drili ya pigo ya wati 500 imetengenezwa kutoboa. Ukiifungia pangaboi la kukorogea udongo au rangi nzito, inazunguka chini ya kasi yake kwa dakika nyingi mfululizo na feni haifui dafu. Kazi hiyo inataka mashine ya kukorogea yenye gia ya kasi ndogo. Vivyo hivyo grinda ya 115 mm haikusudiwi kukata bomba nene kutwa nzima.

Inapata moto, inanuka

Feni ya mota imefungwa kwenye shafti ya amecha. Ukibana mashine mpaka ikaribie kusimama, ampea zinazopita ni nyingi kuliko wakati wowote, na upepo ni kidogo kuliko wakati wowote. Ndiyo maana sekunde kumi za kukwama hudhuru kuliko saa nzima ya kazi nyepesi. Mashine ikipata joto kali usiizime na kuiweka chini. Iache izunguke bila mzigo dakika moja au mbili, upepo wake mwenyewe uipoze.

Harufu kidogo ya kaboni baada ya kubadilisha si neno. Harufu kali ya vanishi, inayochoma pua, ni ya koili zinazoungua: acha kazi hapo hapo.

Vumbi hutolewa kwa hewa ya shinikizo dogo, kama baa 2. Pulizia kwenye matundu ya nyuma mashine ikizunguka bila diski, ili vumbi lifuate njia ya kawaida ya upepo na kutokea mbele karibu na gia. Vaa miwani. Hewa ya kompresa yenye nguvu zote hupeleka mchanga ndani ya beringi, kwa hiyo unasafisha mota na kuua beringi. Grinda inayokata chuma inastahili kupulizwa kila siku ya kazi. Drili ya mbao, mara moja kwa mwezi.

Inapiga kelele au inatetemeka

Toa diski au biti, washa. Mtetemo ukiisha, kosa lilikuwa kwenye kile ulichotoa: diski iliyochanika, biti iliyopinda, au uchafu kati ya flenji (sahani inayobana diski) na diski. Chembe moja ya kutu chini ya flenji inatosha kufanya msumeno uyumbe.

Mtetemo ukibaki, chomoa plagi na uzungushe shafti kwa vidole. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyokwisha unaihisi kama kuna mchanga ndani, na shafti hucheza ukiisukuma pembeni. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake: 608 ni 8 × 22 × 7 mm, 6200 ni 10 × 30 × 9, 6201 ni 12 × 32 × 10, na hizo zimo kwenye mashine nyingi sana. Chagua yenye herufi 2RS, ambayo ina mpira pande zote mbili. ZZ ina kifuniko cha bati ambacho hakizuii vumbi laini. Wakati wa kuipachika kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo. Ukigonga pete ya nje, golori zinachimba vishimo na beringi mpya italia kama ile ya zamani.

Mlio wa "tik" unaojirudia kwa kila mzunguko ni jino la gia lililovunjika. Gia hubadilishwa kwa jozi. Osha chembe zote za chuma, kisha weka grisi mpya ijaze theluthi moja hadi nusu ya chumba cha gia. Anayejaza pomoni hudhani anaihurumia mashine. Grisi iliyozidi hupata moto, huyeyuka na kuvujia kwenye kaboni.

Drili inazunguka, tundu haliendi

Jambo la kwanza linachekesha na hutokea kila siku: drili iko kwenye mzunguko wa kurudi nyuma.

Kwenye chuma, kosa kubwa ni kasi. Kwa biti ya kawaida ya chuma na chuma laini, gawanya 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita, utapata mizunguko kwa dakika: biti ya 5 mm iende 1,600, ya 10 mm iende 800. Kwa chuma cha pua gawanya tena kwa mbili, weka mafuta ya kukatia, na sukuma bila kulegeza. Biti inayosugua bila kukata hukifanya chuma cha pua kiwe kigumu zaidi pale pale, na baada ya hapo hata biti mpya itateleza. Dalili ya kazi nzuri ni vinyweleo viwili virefu vya chuma vinavyojiviringisha kutoka kwenye mifereji yote miwili. Kikitoka kimoja, biti imenolewa upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na tundu litakuwa kubwa kuliko biti.

Kwenye zege, angalia kitufe cha pigo kimewashwa na ncha ya biti bado ina pembe kali. Ukiwa unakwenda vizuri halafu ghafla unagota na biti inalia kwa sauti ya juu, umekutana na nondo. Hamisha tundu. Kwenye vigae zima pigo kabisa, vinginevyo vitapasuka. Kwenye mbao na chuma pia lizimwe.

Drili ya pigo ya kawaida hupiga kwa sahani mbili zenye meno zinazorukiana, na nguvu yake hutokana na kusukuma kwako. Mashine ya SDS-plus (drili ya nyundo yenye biti za shina maalumu) hupiga kwa pistoni na hewa, haihitaji kusukumwa. Ukiwa na matundu zaidi ya machache kwenye zege, hiyo ya pili ndiyo ya kununua. Ya kwanza itakuchosha wewe na yenyewe. SDS-plus ikizunguka bila kupiga, sababu za kawaida ni pete za mpira za pistoni zilizochakaa, au grisi iliyoganda. Paka grisi kidogo kwenye shina la biti kila unapoiingiza.

Biti ikiteleza ndani ya chaki (kishikio cha biti), kaza kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu, si moja. Chaki ikiyumba hata na biti mpya, ibadilishe: fungua meno yake hadi mwisho, na ndani utaona skrubu. Kwenye drili zinazorudi nyuma skrubu hiyo ina nyuzi za kushoto, hufunguliwa kwa kuzungusha kuume. Wengi wameng'oa kichwa chake kwa kutojua hilo.

Grinda: diski inavunjika au inaisha upesi

Diski ya kukatia husukumwa kwa mstari mmoja tu. Ukiibana kando, au ukisagia kwa ubavu wake, nyuzi zinazoishikilia zinakatika na vipande vinaruka. Kipande kinachokatwa kifungwe kwenye jiliwa ili mwanya ufunguke kadiri unavyokata. Ukikikata katikati huku kimeegemea ncha mbili, mwanya unajifunga na kuing'ata diski.

Kosa la hatari kuliko yote ni kutoa kinga na kufunga diski ya 230 mm kwenye grinda ndogo. Inawezekana kwa sababu tundu la katikati ni lile lile, 22.23 mm. Diski nyingi zimepewa kikomo cha mita 80 kwa sekunde ukingoni. Kwa kipenyo cha 230 mm hiyo ni mizunguko karibu 6,600 kwa dakika. Grinda ndogo huzunguka 11,000. Ukingo wa diski utafikia mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa, na uso wako uko nusu mita kutoka hapo. Soma namba ya mizunguko kwenye diski. Iwe kubwa kuliko ya mashine, daima. Kwenye pete ya chuma ya katikati pana tarehe ya kuisha muda, kwa sababu gundi yake huzeeka na hunyonya unyevu. Diski iliyolowa au kuanguka chini haistahili nafasi ya pili.

Msumeno unaunguza mbao au unarudi nyuma

Alama nyeusi kando ya mkato zina sababu tatu. Ya kwanza ni utomvu ulioganda kwenye meno: loweka diski kwenye maji ya vuguvugu yenye magadi soda kwa dakika 15, sugua kwa mswaki, kausha upesi, na utashangaa diski "butu" inakata tena. Ya pili ni idadi ya meno. Kwa diski ya 190 mm, meno 24 ni ya kupasua kufuata nyuzi, 40 ni ya kukata kukingama, na 60 kwa plaiwudi. Ukipasua ubao mnene kwa meno 60, maranda hayana pa kukaa na joto linapanda. Ya tatu, kwa msumeno wa meza, ni kiongozi (kizuizi cha kuongozea ubao) kisicho sambamba na diski: pima umbali kwenye jino la mbele, zungusha jino hilo hilo hadi nyuma, pima tena. Nusu milimita ya tofauti inatosha kuunguza.

Msumeno kurudi nyuma kwa nguvu husababishwa na mkato unaojifunga. Tegemeza ubao ili kipande kinachokatwa kianguke huru, usiuweke juu ya vigoda viwili na kukata katikati. Rekebisha kina ili jino litokeze milimita 5 hivi chini ya ubao. Meno yakitokeza sana, sehemu kubwa ya diski imo ndani ya mti na ikibanwa inakurudishia mashine yote.

Msumeno mdogo wa kukata mikunjo (jigsaw) ukikata mshazari kwenye ubao mnene, usiulaumu mara moja. Weka ubapa mpya wa meno ulio mpana zaidi, zima mwendo wake wa kubembea, acha kusukuma. Kisha angalia kile kigurudumu kinachoegemeza mgongo wa ubapa: kikiwa kikavu au kimeliwa, ubapa unapinda. Tone moja la mafuta, basi.

Mashine ya betri inazima katikati ya kazi

Betri ya 18 V ni seli tano za lithiamu za volti 3.6, ikijaa hufika karibu volti 21, ndiyo maana baadhi ya makampuni huandika 20 V kwa kitu kile kile. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya 2 Ah ina wati-saa 36. Grinda ikivuta wati 720, zitaisha kwa dakika 3. Hiyo si betri mbovu, ni betri ndogo. Ya 4 Ah au 5 Ah kwa kawaida ina safu mbili za seli, kila moja inabeba nusu ya mzigo, na voltiji haiporomoki.

Ikizima kila ukibana kwa nguvu halafu inawaka tena, ni kinga ya ampea au joto. Chaja ikikataa betri iliyotoka kazini, isubiri ipoe. Chaja nyingi hazichaji chini ya nyuzi 0 wala juu ya nyuzi 45 hivi. Ikikataa betri iliyopoa, futa viunganishi kwa kitambaa kikavu, kisha pima volti. Chini ya volti 12 hivi kwenye betri ya 18 V, seli zimeshuka kupita kiasi. Kuiamsha kwa waya kutoka betri nyingine hufanya kazi mara nyingine, na mara nyingine huwasha moto saa tatu baadaye ukiwa umelala. Itoe kwenye matumizi. Betri isiyotumika ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pa baridi, nje ya mashine.

Kabla ya kununua nyingine

Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme unaoingia, si kazi inayotoka. Uliza kwanza kama kaboni, swichi na amecha za mfano huo zinauzwa peke yake. Mashine isiyo na vipuri ni ya kutumia mara moja hata ikiwa nzito mkononi. Kama kazi yako ni kufunga skrubu na kutoboa mbao, betri ya 18 V yenye mota isiyo na kaboni inatosha na itakuondolea nusu ya matatizo yaliyotajwa hapo juu. Grinda, msumeno wa meza na SDS ya kazi ndefu bado zinafaa ziwe za waya.

Ya mitumba ijaribiwe hivi: zungusha shafti kwa mkono ukiwa umechomoa plagi, nusa matundu ya hewa, washa sekunde 30 ukitazama cheche, kisha zima na usikilize inavyosimama. Inayosimama ghafla kwa mkwaruzo, wakati haina breki ya umeme, ina beringi au gia iliyokwisha, na muuzaji anajua.